Katuni zilizokuja bila duka

Leo hakuna msimbo, ndugu msomaji. Waliokuja kutafuta mwendelezo wa somo la hifadhidata wavute subira, litakuja. Leo nataka tuongee kuhusu katuni. Ndiyo, katuni. Beyblade, Pokémon, Transformers na nyingine ambazo ukizitaja mbele ya mtu aliyekulia Kenya miaka ya tisini au ya elfu mbili, anaanza kuimba wimbo wa mwanzo kabla hujamaliza kutamka jina.

Nyingi kati ya hizo zilikuwa matangazo ya biashara. Sisemi zilikuwa na matangazo katikati. Nasema zenyewe ndizo zilikuwa tangazo, kuanzia wimbo wa mwanzo hadi orodha ya majina inayopita haraka mwishoni. Hili si siri, Wamarekani wamelibishania kwa zaidi ya miaka hamsini. Kinachonishughulisha mimi ni kitu kingine: tangazo lilifika mpaka Mashuuru, lakini bidhaa haikufika. Tulipata nusu ya mfumo. Na kwa kuwa siku hizi nalipwa kutengeneza mifumo, nimeanza kuangalia ile nusu iliyokosekana kwa jicho tofauti kidogo.

Kwa wasiopajua, Mashuuru iko mashariki ya Kajiado, nchi ya ng'ombe, miiba na vumbi jekundu. Nilipokuwa mdogo, stima ilikuwa ya watu wa kuhesabu. Runinga ya jirani yetu ilikuwa Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyokula moto wa betri ya gari. Betri ikiisha ilifungwa kwenye baiskeli na kupelekwa sokoni kuchajiwa, na ikikawia huko basi Jumamosi imekwenda na maji. Antena ilikuwa juu ya mti mrefu, na kulikuwa na kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuizungusha huku sisi tukipiga kelele kutoka dirishani: hapo, hapo, rudisha kidogo! Picha ilikuwa na chenga daima. Power Rangers wanatofautishwa kwa rangi, nyekundu, bluu, manjano, waridi. Sisi tuliwaona wote wa kijivu. Ugomvi wa nani ni nani ulidumu wiki nzima mpaka Jumamosi nyingine.

Lakini iliyotushika sana ni Beyblade. Kama hukuiona, ni hadithi ya watoto wanaopiganisha pia. Basi. Mmoja anafyatua pia yake ndani ya bakuli kubwa, mpinzani anafyatua yake, zinagongana, na ile itakayobaki inazunguka imeshinda. Ndani ya pia kuna roho ya mnyama mkubwa anayetoka wakati mambo yamekuwa magumu. Pale Mashuuru hakuna aliyetuambia kwamba ni bidhaa. Na kwa nini atuambie? Pia si kitu kigeni. Neno lenyewe lipo katika Kiswahili, na watoto wa Pwani na wa bara wamechonga pia za mti na kuzichapa kwa kamba tangu zamani. Tulichoona kwenye kioo ni watoto wa Japani wakicheza mchezo ambao tuliujua.

Na hivyo ndivyo ulivyoanza hata kule kwao. Japani kuna pia ndogo inayoitwa beigoma. Zamani ilikuwa gamba la konokono wa baharini lililojazwa mchanga na kuzibwa kwa nta, baadaye ikawa kipande cha chuma cha kusubu. Watoto waliipiganisha juu ya turubai lililofungwa kwenye mdomo wa ndoo. Mwaka 1999 kampuni ya Takara ikaichukua beigoma, ikaifanya ya plastiki yenye vipande vinavyofunguka: pete ya juu ya kushambulia, kisahani cha uzito, na kitako. Ukibadilisha kipande, tabia ya pia inabadilika. (Waandika programu mtaelewa uzuri wake, ni moduli tupu.) Mwaka huohuo Takao Aoki akaanza kuichora hadithi yake katika jarida la watoto, na mwaka 2001 katuni ikaanza kuonyeshwa Japani. Kisha Hasbro ya Marekani ikachukua kazi ya kuiuza Magharibi. Vipande vinafunguka kwa sababu mtoto akinunua pia mbili anapata mchanganyiko zaidi, na akinunua tano anapata mwingi zaidi. Hadithi inafuata hapohapo: kila shujaa akishindwa, jibu ni kupata kipande kipya.

Sasa angalia kilichotokea kwetu. Kampuni ilichukua mchezo wa bure ikaufanya bidhaa, ikaifunika bidhaa kwa hadithi. Hadithi ikasafiri peke yake mpaka Kajiado, na watoto wa huko wakaichukua wakairudisha kuwa mchezo wa bure.

Tuliitengeneza hivi. Unachukua CD iliyokwaruzika, za nyimbo za injili na sinema za Kichina zilikuwa nyingi miaka ile. Tundu la CD lina upana wa milimita 15. Bano la kawaida lina kama milimita 16. Kwa hiyo bano linakaa pale katikati bila kupita, nusu juu, nusu chini. Unayeyusha plastiki ya mtungi uliovunjika, unadondosha kuzunguka bano, unaacha ipoe. Unashika bano kwa vidole viwili, unazungusha kwa nguvu juu ya sakafu ya saruji, na kitu kinazunguka mpaka unachoka kutazama. CD ina uzito wa gramu 15 hivi, lakini ni pana, uzito wake mwingi uko mbali na katikati, na ndiyo sababu haisimami haraka. Hakuna aliyetufundisha fizikia hiyo. Baadaye waliojua zaidi wakaanza kubandika CD mbili, tatu. Mmoja alizungushia waya wa seng'enge kwenye ukingo na akapigwa marufuku, kwa sababu CD za wenzake zilikuwa zinapasuka. Uwanja wa vita ulikuwa karai. Mama mwenye karai hakujulishwa.

Haya, tutoke Mashuuru kidogo. Ili kuelewa kwa nini katuni hizi zilitengenezwa vile, lazima twende Marekani.

Mwaka 1969 stesheni ya ABC ilianza kuonyesha katuni iitwayo Hot Wheels, jina lilelile la vigari vya kuchezea vya Mattel. Kampuni nyingine ya vitu vya kuchezea, Topper, ikalalamika kwa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kwamba hiki si kipindi, ni tangazo la nusu saa. Zingatia aliyelalamika. Hakuwa mzazi wala mwalimu, alikuwa mshindani wa biashara. Tume ilikubaliana naye kwa kiasi, ikataka stesheni zihesabu sehemu ya muda wa kipindi hicho kuwa ni muda wa matangazo. Kwa miaka kumi na kitu baadaye kampuni ziliogopa kurudia mchezo ule. Wakati huohuo kulikuwa na wazazi wa Massachusetts, wakiongozwa na mama aitwaye Peggy Charren, walioanzisha mwaka 1968 kikundi cha kutetea watoto mbele ya runinga, nao hawakuipa tume usingizi.

Kisha ikaja serikali ya Reagan. Mwaka 1981 aliteuliwa Mark Fowler kuongoza FCC, mtu aliyesema runinga ni kifaa cha nyumbani kama vingine, kibaniko cha mkate chenye picha. Kama ni kibaniko tu, kuna haja gani ya sheria za pekee? Mwaka 1984 tume ikaondoa ukomo wa muda wa matangazo katika vipindi vya watoto. Mlango ulikuwa umeshaanza kusukumwa: He-Man ya Mattel, kidude kilichoingia madukani 1982, ilikuwa na katuni yake kufikia 1983. Baada ya mlango kufunguka kabisa wakaingia wote, Transformers, G.I. Joe, My Little Pony, ThunderCats.

Transformers ndiyo ninayoipenda kuisimulia. Takara (haohao) walikuwa na maroboti yao Japani, yanageuka gari au bastola au kinasa sauti, bila hadithi ya maana. Hasbro wakanunua haki, wakayakusanya kutoka mistari miwili tofauti ya bidhaa, kisha wakaenda kwa Marvel, wachapishaji wa vibonzo, kuomba hadithi. Mhariri mmoja, Bob Budiansky, akapewa rundo la picha za maroboti na kazi ya kuyapa majina na tabia. Nyuma ya kila boksi kulikuwa na kadi yenye alama nane: nguvu, akili, kasi, ustahimilivu, cheo, ujasiri, silaha, ustadi. Hiyo ni jedwali la hifadhidata kabisa! Rekodi moja kwa kila roboti, safu nane, na mtoto anasoma kwa kuweka karatasi ya plastiki nyekundu juu yake. Katuni ilianza kuonyeshwa Septemba 1984, na ilikuwa ni ile rekodi ikitembea na kuongea.

Basi mwaka 1986 wakatoa filamu ya sinema, na ndani yake Optimus Prime, kiongozi wa maroboti wema, anakufa. Anakufa kweli, rangi inamtoka mwilini. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa toleo la 1984, na kampuni ilitaka nafasi kwenye rafu kwa toleo jipya. Waandishi wamesimulia baadaye kwamba hawakudhani watoto wamempenda kiasi kile, kwao ilikuwa kuondoa bidhaa ya zamani. Watoto walilia ukumbini. Wazazi waliandika barua. Mwaka 1987 ikabidi arudishwe. Sisi kwenye programu tunaua toleo la zamani kila siku na hakuna anayelia, ila labda mhasibu mmoja aliyezoea vitufe vya zamani.

Sitaki uondoke ukidhani nazidharau. Watu waliozichora walikuwa wachoraji kwelikweli, na walioandika baadhi ya vipindi walipenyeza mambo ambayo kampuni haikuyaomba: urafiki, woga, baba asiyerudi nyumbani. Uaminifu wa Optimus Prime ulitungwa ili kuuza lori la plastiki, na bado ni uaminifu. Mtoto hakukosea kuulilia. Ninachosema ni kwamba penzi lile lilikuwa na mtu wa kulivuna mwisho wa barabara, dukani.

Swali linalofuata: zilifikaje Nairobi?

Mpaka mwisho wa miaka ya themanini Kenya ilikuwa na runinga moja, ya serikali, iliyoitwa Sauti ya Kenya, ikabadilishwa kuwa KBC mwaka 1989. Mwaka 1990 ikaanza KTN, stesheni ya kwanza ya binafsi. Nation ikaingia 1999, na Citizen miaka hiyohiyo. Kila stesheni mpya ina tatizo moja kubwa: saa za kujaza. Na kuchora katuni ni kazi ya gharama kubwa mno, kila sekunde moja ni michoro mingi. Stesheni ya Nairobi isingeweza kuichora. Lakini He-Man ilikuwa na vipindi 65 msimu wa kwanza, na 130 kwa jumla. Hiyo 65 si bahati nasibu: siku tano mara wiki kumi na tatu, unajaza robo mwaka mzima kila jioni bila kurudia. Mfululizo ulitengenezwa tangu mwanzo kama mzigo wa kujaza rafu za stesheni. Gharama yake ilitarajiwa kurudi kwa njia ya midoli huko Marekani, kwa hiyo chochote kilicholipwa na nchi za mbali kilikuwa nyongeza.

Kwa maneno mengine, mtoto wa Ohio aliyemlilia mama yake amnunulie Skeletor alikuwa anatulipia sisi runinga. Shukrani zimfikie popote alipo.

Ila kuna kitu kilikatika njiani, na hapa ndipo ninapotaka ukae. Kule Marekani, katuni na tangazo la dukani vilikaa kwenye saa moja. Sheria ya runinga ya watoto ya mwaka 1990 ilirudisha ukomo, dakika kumi na nusu za matangazo kwa saa siku za mwisho wa wiki na kumi na mbili siku za kazi, lakini hata ndani ya ukomo huo mtoto aliona hadithi, akaona bei, akaona duka, na duka lilikuwa mwendo wa gari dakika kumi. Huku kwetu, hadithi ilipokatika kwa ajili ya matangazo, tuliona mafuta ya kupikia. Sabuni ya kufulia. Siagi ya kupaka mkate. Viatu vya shule. Hakuna hata mara moja ambapo mtu alituambia kwamba pia ile inauzwa, inauzwa wapi, kwa pesa ngapi. Waliotengeneza matangazo ya Nairobi walijua mwenye pesa ni mama, na walimwambia mama. Sisi tulitumika kama wapiga debe wa siagi, nayo tuliimba vizuri tu.

Matangazo yaliyotulenga sisi wenyewe yalikuwa ya vitu vya shilingi moja au tano. Chingamu. Big G ilifika kila kioski, mpaka kile kilichokuwa na chumvi, kiberiti na Big G tu. Vizibo vya soda vyenye zawadi chini yake wakati wa promosheni, na hata promosheni ikiisha tuliendelea kuokota vizibo kwa sababu ndivyo magurudumu ya gari la waya. Kuta za maduka zilizopakwa rangi ya kampuni. Wazee wetu wanakumbuka cha zamani zaidi: gari la sinema lililokuja sokoni usiku na jenereta yake, likafunga shuka jeupe, likaonyesha kichekesho cha Charlie Chaplin kisha sabuni, kisha kichekesho, kisha sabuni. Ukiwaza, gari lile lilikuwa He-Man kabla ya He-Man, isipokuwa lilikuwa na sabuni yenyewe nyuma ya gari, na ungeweza kuinunua palepale.

Bidhaa za katuni nazo zilifika mwishowe, ila kwa mlango wa nyuma. Kitengela ilikuwa inakua haraka, mji wa njia ya Namanga, viwanja na mabati mapya kila mwezi, na siku ya soko kulikuwa na marobota ya mitumba kutoka Gikomba. Ndani ya marobota, katikati ya sweta na soksi, kulikuwa na midoli ya watoto wa Ulaya na Marekani waliokwisha kukua. Huko ndiko nilikokutana kwa mara ya kwanza na roboti wa Transformers, bila mkono mmoja, amekwama nusu gari nusu mtu. Mzunguko wake ulikuwa wa ajabu: tangazo lilimtangulia, duka lilifuata miaka kumi baadaye likiwa rundo juu ya turubai, bila boksi, bila kadi ya alama nane, bei ni maelewano. Muuzaji hakumjua hata jina. Alimwita "hii mtu ya chuma".

Mlango mwingine ulikuwa bidhaa za bei nafuu kutoka Uchina, zilizoshushwa maduka ya jumla ya Nairobi, Kamukunji na River Road, na kusambaa. Nyingi zilikuwa bandia. Na ni moja kati ya hizo iliyomaliza enzi ya CD pale kwetu.

Desemba moja binamu yangu alikuja kutoka Nairobi na pia ya dukani. Ilikuwa na kifyatulio na ule mshipi wa plastiki wenye meno unaouvuta, vrrrr. Tulikaa kimya. Tukaleta karai. Pambano la kwanza CD ikashinda, ya CD tatu na bano, nzito na pana, iliisukuma ile ya plastiki mpaka ukingoni. La pili ikashinda tena. Ungedhani tulishangilia. Wakubwa walishangilia, wale wa rika langu tulikuwa tunaangalia kifyatulio. Kabla ya Januari hakuna aliyezungusha CD tena. Pia ilikuwa imeonekana, ina rangi, ina boksi lenye picha ya shujaa, na ghafla kile tulichokitengeneza kikawa kitu cha mtu asiye na pesa. Mmoja wetu aliomba anunuliwe na akachapwa, kwa sababu mwaka ule ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ukame.

Nimelifikiria pambano lile kwa miaka mingi. Tangazo lilikuwa limefanya nusu ya kazi yake kwa miaka miwili mitatu, likasubiri. Siku duka lilipofika, hata likiwa duka bandia, nusu ya pili ilimalizika ndani ya siku moja.

Kuna kesi moja iliyokwenda kinyume, nayo siiachi. Mwaka 2010 kipindi cha watoto kiitwacho Tinga Tinga Tales kilianza kuonyeshwa na CBeebies ya BBC, Uingereza. Vipindi 52, hadithi za wanyama wa Afrika: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kiboko hana nywele. Michoro yake ilifuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyeanza kuchora kwa rangi za kupakia nyumba na baiskeli jijini Dar es Salaam na kufariki 1972. Na kilichorwa Nairobi! Homeboyz waliajiri vijana wa hapahapa kukihuisha kwenye kompyuta, na Eric Wainaina alihusika na muziki. Kikafanikiwa, na kama ilivyo ada kikatolewa midoli, Bandai wakaiuza Uingereza. Kwa hiyo mtoto wa Manchester alipata tembo wa Tingatinga mwenye boksi lake, na mtoto wa Kajiado akasubiri robota. Wachoraji wa Nairobi wanajivunia kazi ile na wana haki, iliwafundisha wengi ufundi ambao haukuwahi kufundishwa hapa kwa kiwango kile. Tanzania nako, Ubongo walikuja 2014 na Ubongo Kids wakichora kwa madhumuni tofauti, kufundisha hesabu na sayansi, na mapato yao hayategemei rafu ya midoli. Na Kenya ikapata stesheni ya watoto ya bure, Akili Kids, Machi 2020, wakati uleule shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Mambo hayakusimama.

Lakini runinga si mahali pa vita tena, au vipi?

Analogi ilizimwa 2015. Mpwa wangu wa miaka saba, anayekaa Kitengela, haijui antena. Anajua simu ya mama yake. Kwenye simu hiyo kuna aina mpya ya He-Man: chaneli za YouTube za mtoto anayefungua boksi. Hadithi imeondolewa, shujaa ameondolewa, limebaki boksi tu. Mojawapo, ya mtoto wa Marekani aitwaye Ryan, kufikia 2018 jarida la Forbes lilikadiria iliingiza dola milioni 22 kwa mwaka, na mwaka huo midoli yenye jina lake iliingia Walmart. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 Marekani kwa madai ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi ili kuwalenga kwa matangazo. Mwaka 2022 Epic, wenye Fortnite, wakakubali dola milioni 520, zikiwemo 245 za kurudisha kwa wateja waliotozwa kwa vitufe vya hila, wakiwemo wazazi ambao watoto wao walinunua bila wao kujua. Vitufe. Hivyo ndivyo vitu ninavyotengeneza mimi.

Mchezo ambao mpwa wangu anaupenda sana ni wa pia. Hautozi kuupakua. Anafyatua kwa kidole, pia inagongana na nyingine, anashindwa, na kabla hajakunja uso kinatokea kisanduku: tazama video upate sarafu 50, au nunua kifurushi. Duka liko ndani ya karai.

Mwaka jana nilipata kazi ya pembeni, mteja alitaka mchezo wa kuhesabu kwa watoto wa chekechea. Kwenye orodha ya mahitaji kulikuwa na mstari wa kuonyesha tangazo kila baada ya ngazi tatu, na mwingine wa kutuma kitambulisho cha simu kwa kampuni ya matangazo. Ni kazi rahisi, maktaba zipo tayari, unaunganisha kwa mchana mmoja. Tatizo ni kwamba Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kifungu cha 33 kinasema huwezi kuchakata data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata ukiipata ni lazima iwe kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Si maneno matupu, mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini. Nilimweleza mteja. Akasema sawa, weka kisanduku cha idhini. Kisanduku kile ni mistari mitatu ya msimbo, na mpwa wangu nilipompa ajaribu alikibofya kwa sekunde moja bila kusoma, kwa sababu kilikuwa kimekaa kati yake na mchezo.

Nikapendekeza kitu kingine. Kitambulisho kisitumwe kabisa, na ununuzi wowote utoke nje ya mchezo: ujumbe uende kwa simu ya mzazi, na usiweze kukamilika mpaka saa 24 zipite. Yaani nirudishe ule umbali wa kutoka Mashuuru mpaka dukani, kwa msimbo. Mteja alicheka, si kwa ubaya, akaniambia katika saa 24 mtoto atakuwa amesahau alichotaka. Nikamjibu ndiyo.

Kitambulisho tumekitoa, hapo tulikubaliana. Kuhusu saa 24 tiketi bado iko wazi, ameandika chini yake kwamba tujaribu kwanza na dakika kumi.